Wale wa Kawaida

Gereji ya kaka yangu Harlan, nje ya Valdosta,
haijawahi kulaza gari.
Ni rafu tupu, na rafuni makasha ya plastiki,
na ndani ya kila kasha nyoka wa mahindi mmoja
amejikunja kama mkanda uliovuliwa upesi.
Jina hilo, wengine husema, ni la maghala walikofuata panya;
wengine, la tumbo lao, meusi kwa meupe
kama punje za gunzi la zamani.
Harlan husema yote mawili, kutegemea mteja.

Mwaka huu figo zimemlaza hospitali,
nami Verlene, ninayeogopa hata mnyoo,
nimeachiwa funguo, daftari, na mayai kumi na sita:
nyuzi ishirini na nane, siku sitini,
usiyageuze, usiyaonee huruma.

Mama yao wa kawaida. Baba yao wa kawaida.
Rangi ya chungwa, mabaka ya kutu yenye kingo nyeusi,
kama nyoka yeyote anayekatiza barabara ya misonobari.
Lakini kwenye utepe, kwa mwandiko wake unaoegemea kushoto:
Wote wawili wamebeba. Subiri.

Wamebeba nini? Nikampigia simu.
Akanieleza polepole, mashine ikikoroma nyuma yake:
kila kitu kina nakala mbili, moja ya mama, moja ya baba.
Moja ikiwa nzima hufanya kazi ya zote mbili
na hakuna anayejua kwamba mwenzake ni mbovu.
Zikikutana mbovu mbili, weusi hukosekana,
mtoto hutoka chungwa na waridi, macho kama kaa la moto.
Mbovu mbili za aina nyingine, wekundu ndio huondoka,
hubaki kijivu, picha ya pasipoti ya kale.
Na aliyekosa vyote viwili ni theluji,
mmoja kwa kumi na sita.
"Basi mmoja ni wetu," nikasema.
Akacheka hadi akakohoa.
"Hesabu haidaiwi, Verlene.
Kila yai hurusha sarafu zake lenyewe."

Siku ya sitini na moja maganda yakachanika.
Pua kwanza, kisha saa nyingi za kufikiri.
Mawili yalinywea, nikayatupa.
Wa chungwa wanne. Wa kijivu watatu. Wa kawaida saba.
Theluji, hapana.
Mnunuzi kutoka Macon akawatazama wale saba
kama mtu anayetazama risiti ya mwenzake.

Harlan alizaliwa na nywele nyekundu.
Baba nywele nyeusi, Mama nywele nyeusi,
na ng'ambo ya barabara Bwana Stuckey, fundi matrekta,
kichwa kama nyasi zinazoungua.
Baba hakusema neno.
Miaka thelathini na mmoja hakusema,
na Mama alimsikia kila mlo.

Wiki tuliyomzika Baba, Harlan alinunua jozi ya kwanza,
wote wa kawaida, wote wamebeba.
Kiangazi kilichofuata akamwekea Mama kiti
mbele ya mashine ya kuangulia.
Kikatoka kichwa chekundu, kimelowa.
"Na huyu ni wa hawa?"
"Wa hawa."
Akanyamaza. Akauliza tena.
Siku nzima alikuwa akiuliza, si kwamba hakusikia.

"Wale saba usiwauze rahisi," Harlan ameniambia leo.
"Katika kila tisa wa kawaida, wanane wana kitu."
Yupi kati yao hana? Hawaonyeshi.
Mmoja amejizungusha kidoleni mwangu, baridi, mwepesi kuliko kalamu,
nami sijapiga kelele.

Nywele zangu zilikuwa nyeusi, sasa ni mvi.
Sikuzaa.
Nikiwa nilibeba, nilibeba.

Nimekata utepe, nimeandika tarehe.
Nimebadilisha maji.